Tumefungiwa sote nyumbani, lakini kazi zote zimemwangukia binti: tuzigawe vipi?

Mama wa Wanne (Mji wa Kale, Mombasa), 12 Mei 2020

Assalamu alaikum nyote, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Naomba ushauri wa jambo ambalo nimelinyamazia kwa miaka, na ambalo sasa, kwa kuwa tumefungiwa sote chini ya paa moja, siwezi tena kujifanya silioni. Tunaishi Mji wa Kale katika nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, watu saba: mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye umri wa miaka 71, na watoto wanne. Mkubwa ni mvulana wa miaka 20 aliyerejea kutoka chuo kikuu wakati shule na vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi. Anayemfuata ni binti wa miaka 17, yuko kidato cha nne na mwaka huu ndio mwaka wake wa mtihani wa taifa. Wa tatu ni mvulana wa darasa la nane, naye ana mtihani wake, na kitinda mimba ni msichana wa miaka 6.

Hali ilivyo tangu korona iingie mnaijua. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, Mombasa ikafungwa mapema Aprili, na tangu tarehe 6 mwezi huu hakuna anayeruhusiwa kuingia Mji wa Kale wala kutoka, na masoko na mikahawa ya humu ndani imefungwa. Duka la leso la mume wangu halijauza kitu kwa wiki kadhaa. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi anakaa Likoni, na hata akivuka feri hawezi kutufikia. Kinachotulisha sasa ni cherehani yangu, kwa sababu tangu barakoa zilipofanywa kuwa lazima nimekuwa nikizishona na kuwauzia majirani na wenye maduka wa hapa, na nikishaketi asubuhi siinuki mpaka alasiri.

Kwa hiyo kazi yote ya nyumba imemwangukia binti yangu. Hakuna aliyeketi akaamua iwe hivyo. Imetokea tu, kama maji yanavyofuata mteremko. Anaamka saa tisa na nusu usiku kupasha daku, anaosha vyombo vyake, anafagia, anapiga deki, anafua, na saa nne asubuhi anampikia bibi yake chakula cha mchana, kwani mama mkwe ana kisukari na daktari amemkataza kufunga. Saa tisa anaanza futari, na hapo pana kukuna nazi, kukanda unga, kupika mbaazi, kukaanga sambusa na kuchoma kaimati mpaka maghrib. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hiyo kila mtungi anaoutumia lazima auhesabu.

Usiku wa kuamkia Jumapili nilimkuta jikoni saa nane, amelala ameegemea meza juu ya kitabu cha kemia, na mikono yake bado inanuka vitunguu. Nilipomwuliza kuhusu vipindi vya masomo vinavyorushwa redioni aliniambia kwamba hajasikiliza hata kimoja wiki nzima, kwa sababu wakati wake ndio wakati wa chakula cha bibi. Kaka yake saa hizo huwa amejilaza ukumbini na simu.

Nilipomwambia mwanangu mkubwa aoshe vyombo, mama mkwe alisema mbele ya wote kwamba nyumba yenye wanawake watatu wazima mwanamume hashiki mwiko. Mume wangu hakusema neno. Ninamheshimu sana mama huyu, amenilea mimi pia, na sitaki nyumba iingie ugomvi katika mwezi huu mtukufu. Lakini sitaki vilevile mwanangu ashindwe mtihani kwa sababu ya sufuria. Waliogawa kazi upya nyumbani mwao katika siku hizi za karantini, mlianzaje?

Jirani wa Mbali (Eastleigh, Nairobi), 12 Mei 2020

Dada yangu, wa alaikum salaam. Sisi wa Eastleigh tulifungiwa siku ileile mliyofungiwa ninyi, kwa tangazo lilelile, kwa hiyo nakuelewa bila ya tafsiri. Tuko watu sita katika nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya nne.

Mimi nilianza kwa daftari. Nilikuwa nimechoka kulalamika, maana kila nikisema kazi ni nyingi mume wangu alinijibu kwa upole kabisa kwamba nipumzike, na akaendelea kukaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa haoni. Basi kwa siku mbili niliandika kila jambo lililofanywa na mtu yeyote, na jina la aliyelifanya. Sikuandika «kupika». Niliandika kuchambua mchele, kuwasha jiko la makaa, kukumbuka kwamba chumvi imekwisha, kupanda na mtungi ngazi nne, kumwosha mtoto aliyejichafua, kutafuta soksi, kusugua choo, kutoa takataka, kufuta kitasa cha mlango baada ya mtu kutoka nje. Mwisho wa siku ya pili kulikuwa na mistari zaidi ya 90, na jina langu lilikuwa katika mistari karibu yote. Nililiacha daftari juu ya meza baada ya futari, sikusema kitu. Mume wangu alilisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo akalisoma tena.

Tukagawana, lakini jambo nililojifunza ni kwamba kugawa kazi ndogo ndogo hakusaidii, kwa sababu wewe unabaki msimamizi wa kukumbusha, na kukumbusha ni kazi nzito kuliko kuosha. Mpe mtu jambo zima. Mwanao wa miaka 20 usimwambie «leo niletee maji». Mwambie maji ya nyumba hii ni yako: kujua mfereji unatoka lini, kujaza mapipa, kumwita mwenye mkokoteni, kumlipa, kuhakikisha bibi ana maji ya kutawadhia. Yakikauka, aulizwe yeye.

Na neno moja kuhusu dada wa Likoni, ingawa hukuliuliza. Kama cherehani inaingiza chochote, mtumie sehemu ya mshahara. Kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 hakutozwi ada tangu katikati ya Machi. Yeye naye ana jiko lake linalomngoja, na karantini hii hakuileta yeye.

Bibi wa Malindi, 13 Mei 2020

Mwanangu Mama wa Wanne, nimesoma maneno yako na nimesoma ya huyo wa Nairobi. Mimi umri wangu unakaribia wa mama mkwe wako, na nitasema kwa upande wake, kwa sababu hayupo hapa kujisemea.

Sisi tulipofundishwa kwamba mvulana asiingie jikoni, hatukufundishwa kwa dharau. Mvulana alikuwa na kazi zake: kuchota maji kisimani, kupasua kuni, kuvua, kupanda mnazi, kupanda paa la makuti likivuja. Akirudi amechoka, na dada yake naye amechoka, kila mtu kwa kazi yake. Zile kazi za wavulana zimeondoka, mfereji umeingia ndani na gesi imechukua nafasi ya kuni, lakini za wasichana zimebaki palepale, na zimeongezeka. Hilo mama mkwe wako huenda hajalitazama hivyo. Ukimwambia amekosea utamwumiza. Ukimwuliza wavulana wa zamani walifanya nini nyumbani mwao, atakueleza mwenyewe, na katika kueleza ataliona.

Lakini msimwondoe binti jikoni kabisa. Anayejua kuendesha nyumba hatapata taabu popote atakapokwenda.

Mwalimu Mstaafu (Lamu), 13 Mei 2020

Bibi wa Malindi amesema vizuri kuhusu kazi za wavulana, nami nimefurahi kulisikia likitoka kwa mtu wa rika letu. Katika neno lake la mwisho nitaongeza kwamba anayejua kuendesha nyumba hatapata taabu, awe msichana au mvulana. Nilifundisha kwa miaka 34, sehemu kubwa katika shule za bweni, na niliona wavulana wanaofika kidato cha kwanza bila ya kujua kufua shati lao. Wiki za kwanza walikuwa wakilia usiku, na sababu haikuwa masomo.

Mama wa Wanne, kwa kuwa nyumba yenu ni ya Kiislamu na mwezi ni huu, hoja iliyo karibu nanyi zaidi ni mwenendo wa Mtume wenyewe. Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Imepokewa vilevile kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Mama mkwe wako bila ya shaka ameyasikia haya darasani tangu utotoni. Lakini usimsomee wewe, kwa maana mkwe kumsomea mkwewe hadithi ya Mtume katikati ya mabishano kunaweza kuonekana kama kumpiga kwa kitu kitakatifu. Mwombe mumeo ayasome kwa familia nzima baada ya tarawehe, maana siku hizi misikiti imefungwa na tarawehe inasaliwa nyumbani, na yeye ndiye imamu wenu. Kisha, na hili ndilo muhimu, ainuke palepale akusanye vikombe. Mwana mkubwa hatashika sahani kwa kuambiwa na mama. Atashika akimwona baba ameshika.

Kuhusu masomo ya binti, msingojee muda ubaki, kwa kuwa hautabaki. Saa za kusoma ziwekwe kwanza, na kazi zizungushwe kando yake. Chukueni ratiba ya vipindi vya redio vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala vinavyorushwa na KBC, andikeni kwa kalamu nzito saa za binti na saa za mdogo wake wa darasa la nane, mbandike ukutani, na saa hizo mtoto anayesoma asiitwe hata kama nyumba inaungua moshi. Tarehe ya kufunguliwa kwa shule imeshasogezwa mara moja hadi Juni, na inaweza kusogezwa tena. Mtoto wa kidato cha nne asiyesoma kwa miezi mitatu ana pengo ambalo mwalimu hawezi kumzibia kwa wiki chache za mwisho. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi, msichana aliyeanza kusinzia darasani karibu kila mara ilikuwa ni kwa kazi za nyumbani, na mara nyingi sikuuliza mapema.

Baba Mapacha (Mtwapa), 14 Mei 2020

Shemeji, nisamehe kwa kuingia katika mazungumzo ambayo mengi yameshasemwa. Nataka kusema juu ya mumeo, kwa sababu katika majibu yote sijaona aliyemtazama, na mimi nilikuwa yeye.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka 11. Mwezi wa Machi wageni waliondoka katika muda wa siku chache, nasi tukaambiwa twende nyumbani mpaka tutakapoitwa. Hatujaitwa. Wiki tatu za kwanza sikufanya kitu chochote nyumbani. Nilikaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, nikasikiliza habari za kila siku alasiri, nikahesabu wagonjwa wapya, na mke wangu akipita mbele yangu na ndoo nilihamisha miguu ili apite. Ninaandika hili na linaniuma. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi ni mtu wa kuleta chakula, na kama siwezi kukileta basi kuosha sufuria ambayo sikuijaza ni kukiri kwamba sina kazi nyingine duniani. Mumeo anayekaa kimya wakati mama yake anasema, na huku cherehani ya mke ndiyo inayolisha nyumba, huenda anabeba jambo linalofanana na hilo.

Kilichoniinua si lawama. Mke wangu alikuja na kiroba cha unga kilichobaki nusu na noti zote tulizokuwa nazo, akaviweka mapajani mwangu, akasema: «Hizi lazima zitufikishe mwisho wa mwezi, na mimi sijui nitafanyaje. Wewe ulikuwa ukipanga meza za watu 200.» Nikakubali jikoni lote: kununua, kupanga, kupika. Siku ya kwanza ugali ulikuwa mbichi katikati na pacha mmoja alilia. Sasa najua kwamba kilo mbili za maharagwe nikiziloweka usiku kucha zinachukua makaa karibu nusu ya yale niliyokuwa nikitumia, na kwamba mbaazi za nazi nikizipika nyingi mara moja zinafuturisha siku mbili. Najua pia watoto wangu wanapenda nini, jambo ambalo kwa miaka sita sikulijua, kwa kuwa nilikuwa nikiondoka wamelala na kurudi wamelala.

Kwa hiyo nashauri mpe mumeo jambo lenye uzito, lisilofanana na adhabu. Daku ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni saa ya usiku, majirani hawaoni, mama yake amelala, na baba anayewaamsha watoto wake kwa chakula alichokipasha mwenyewe haonekani kupungukiwa na kitu. Na mpunguze futari yenyewe. Jirani zangu wanapika vitu saba kila magharibi kama kwamba kuna wageni, na wageni hawawezi kuja, kwani kutoka maghrib hadi kafyu ni chini ya saa moja. Uji, tende, kitu kimoja cha nazi na kitu kimoja cha kukaanga vinatosha.

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam), 14 Mei 2020

Poleni sana ndugu zetu wa Mombasa. Huku kwetu hatukufungiwa ndani, lakini shule zimefungwa tangu tarehe 17 Machi na mimi natoka zamu nikikuta nyumba kama soko, kwa hiyo naelewa sehemu ya taabu yenu. Nitasema mawili tu yanayohusu usafi na mama mkwe.

La kwanza, punguzeni kusafisha kusiko na faida. Wengi wanapiga deki kwa jiki mara tatu kwa siku, sakafu nzima, na wanamaliza maji na nguvu. Pa kuzingatia ni mahali panapoguswa na mikono ya watu wengi: vitasa, swichi, bomba, simu, rimoti, meza ya kulia. Osheni kwanza kwa maji na sabuni, kisha pakeni dawa. Jiki ya kawaida ya asilimia 5, vijiko vinne vya chai katika lita moja ya maji, inatosha kwa meza na vitasa. Fungueni madirisha, tengenezeni mpya kila siku, na kamwe msiichanganye na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu. Kazi hii mtoto wa darasa la nane anaiweza vizuri akiwa na glavu. Yule wa miaka 6 asiguse dawa, lakini anaweza kuwa mlinzi wa kunawa mikono, ahesabu hadi 20 kwa kila anayeingia.

La pili, chakula cha mchana cha mgonjwa wa kisukari hakisubiri, lakini si lazima kipikwe saa nne na binti. Mwenye zamu ya daku anaweza kupika cha bibi wakati uleule, kikahifadhiwa vizuri na kupashwa mchana. Na atakayempelekea bibi chakula ahakikishe pia kama amemeza dawa. Mfundisheni kijana mkubwa dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho jingi, kizunguzungu, kusema maneno yasiyoeleweka. Mjukuu anayejua hayo ana kazi ya maana kuliko zote katika nyumba hiyo, na bibi hatasema kwamba ni kazi ya mwiko.

Bi Shangazi (Muscat), 15 Mei 2020

Mwanangu, hapa Muscat nasi tumefungwa tangu tarehe 10 Aprili, na nyumba yetu ina wajukuu tisa. Nina neno moja. Mama mkwe wako hana kazi. Anakaa, haruhusiwi kutoka, haendi kwa shoga zake, na watu wote humo ndani wanamhudumia. Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwake ni kusema nani afanye nini. Mpe mamlaka ya kufundisha. Mwambie: «Mama, kaimati zako hakuna anayezijua, na wewe huwezi kusimama jikoni. Nikupe nani umfundishe?» Mpelekee mvulana, na usimtaje jinsia yake. Utaona.

Mama wa Wanne (Mji wa Kale, Mombasa), 22 Mei 2020

Nimechelewa kurudi, naomba radhi. Nawashukuru mmoja mmoja, na kwa kuwa mlinipa muda wenu nitaeleza yaliyotokea, pamoja na yale ambayo hayakufaulu.

Nilimsomea mume wangu jibu la Baba Mapacha usiku, tukiwa wawili tu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza daku huwa inaanza saa ngapi. Tangu usiku ule daku ni yake. Anapika pia chakula cha mama yake wakati huohuo, kama alivyosema muuguzi, na mama yake anapoambiwa mchana kwamba wali huu umepikwa na mwanawe, anakula zaidi kuliko alivyokuwa akila. Hadithi ya Mtume aliisoma baada ya tarawehe ya Jumapili. Mama mkwe aliitikia, na hakusema kitu kingine.

Daftari nililiandika kwa siku moja tu, kwa kuwa siku ya pili nilibanwa na kazi ya barakoa 60. Hata hivyo siku hiyo moja ilitosha kumwonyesha mwanangu mkubwa. Maji ni yake sasa. Wiki ya kwanza yaliisha mara mbili, na mara moja tulitawadha kwa kikombe, na niliuma meno nisiende kumwita mwenye mkokoteni mwenyewe. Sasa ameongeza pipa la pili juani karibu na ngazi na anajua siku za mfereji kuliko mimi. Kufua bado ni tatizo. Aliloweka leso mpya ya bibi yake pamoja na kanzu nyeupe ya baba yake, na kanzu ya Idi ikatoka na mawimbi mekundu. Binti yangu alitaka kuichukua kazi ile irudi kwake, nikamkataza. Kaka yake ameisugua kwa ndimu na chumvi na kuianika mara tatu, na wekundu umefifia lakini haujaisha.

Shauri la Bi Shangazi ndilo lililobadili nyumba. Nilifanya kama alivyosema, neno kwa neno, na nikampelekea yule wa darasa la nane. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, nami nikarudi kwenye cherehani. Nilisikia akimwambia avue saa, anawe, alete bakuli. Siku tatu za kwanza kaimati zilikuwa na pembe. Siku ya nne zilikuwa duara, na mama mkwe alizituma sahani moja kwa jirani wa mlango wa pili, akamwambia mleta sahani aseme ni za mjukuu wake. Bibi wa Malindi, nilimwuliza pia kuhusu wavulana wa zamani, na amenieleza mambo ya kaka zake kwa jioni mbili. Mengine sikuwahi kuyasikia katika miaka 21 ya ndoa.

Kuhusu vyombo bado hatujaelewana. Mwanangu mkubwa anaviosha baba yake akiwepo na kuviacha baba yake akiwa hayupo, na mama mkwe bado humwita binti kwanza, jina lake ndilo linalokuja mdomoni. Binti naye huinuka kabla hajamaliza kuitwa. Hilo la kuinuka ndilo linalonisumbua zaidi sasa, kwa sababu hakuna anayemlazimisha, na sijui nitalifunguaje.

Futari tumeipunguza ikawa vitu vinne. Dada wa Likoni nimemtumia nilichoweza.

Juzi tumetangaziwa kwamba tutaendelea kufungwa hadi tarehe 6 Juni, kwa hiyo Idi itatukuta humuhumu. Ratiba ya Mwalimu iko ukutani, juu ya redio. Leo asubuhi nilipita na kikapu cha vitambaa nikamkuta binti yangu ameketi mbele yake, mlango umefungwa nusu, anaandika. Bibi yake aliita jina lake kutoka ukumbini, na kabla sijafungua mdomo, yule mdogo wa miaka 6 aliyekuwa amekaa mlangoni alimjibu kwamba saa hii ni ya kemia, na akaenda kuuliza bibi anahitaji nini.